Samaki Huhesabiwa kwa Mtungo

Kuna uongo unaozunguka madarasa ya Kichina hapa Kenya na mimi nimechoka kuusikia. Eti kigumu kuliko vyote ni maneno ya kuhesabia, kwa sababu "sisi hatuna kitu kama hicho." Sisi nani? Mwingereza ndiye hana. Mtoto wa Malindi anakisikia kabla hajaota meno.

Tuelewane kwanza. Kwa Kichina huwezi kusema "tatu kitabu" ukaenda zako. Kati ya nambari na kitu unaweka neno linaloonyesha kitu hicho ni cha aina gani. Vitabu vitatu ni san ben shu: tatu, halafu ben, neno la vitu vilivyojalidiwa, halafu kitabu. Karatasi, meza, kitanda na tiketi vina uso bapa, kwa hivyo huchukua zhang. Kisu na mwavuli unavishika kwa mkono: ba. Samaki, mto, barabara na suruali ni vitu virefu: tiao. Wachina wenyewe huyaita maneno haya liangci.

Sasa mpe hayo mtu aliyezoezwa kufikiri kwa Kiingereza. Kwake three ni three, iwe ya watu au ya viti. Sisi je? Watu watatu, viti vitatu, miti mitatu, maembe matatu. Tatu imebadilisha nguo mara nne na hakuna aliyeshtuka. Tunajua hata pa kuvunja mpango: kiboko ana "ki" mbele, lakini kiboko amekuja, si kimekuja, kwa sababu ana uhai. Huyu ndiye mwanafunzi anayeambiwa kuainisha vitu ni jambo geni kwake?

Na si ngeli tu. Pita sokoni. Samaki ni mtungo, mchicha ni kicha, leso ni doti, kuni ni tita, ndizi ni mkungu, maembe ni pakacha. Mchina naye akihesabu shanga, funguo au zabibu anasema chuan, yaani vilivyotungwa au kushikana pamoja. Chuan ni mtungo, jamani! Shuang ni jozi. Tulikaririshwa haya shule ya msingi, nomino za makundi, tukapigiwa vema, kisha tukaambiwa ni ya mtihani tu.

Najua kuna msomi atainua mkono: ngeli na liangci si kitu kimoja. Sawa kabisa. Ngeli imekaa ndani ya nomino na inaburuta sentensi nzima, kivumishi na kitenzi. Liangci ni neno linalojitegemea, linakaa baada ya nambari au "hiki" na "kile," basi. Tena shu ni shu, kiwe kimoja au mia; Kichina hakina haja ya "vi." Lakini tabia ya akili ni ileile: nambari haigusi kitu kabla hujajua ni kitu gani. Tofauti zilizobaki zinafundishika kwa siku moja, mradi uanze na kile mwanafunzi anacho.

Halafu kuna ule ushauri wa mkato: "Tumia ge kila mahali, utaeleweka." Ge ina mahali pake, mtu mmoja ni yi ge ren. Lakini kuitupa kila mahali? Utaeleweka, ndiyo. Hata yule wa bara anayesema kiti yangu, kitabu yangu, mti yangu, huwa tunamwelewa. Ge ya kila mahali ni hiyo "yangu" ya Nairobi: inakufikisha, na inakutangaza mgeni. Kwa mwalimu au mgeni wa heshima, Mchina huacha ge akasema wei. Hapa Pwani mwite mzee wa watu "kizee" uone. Utajua kuainisha ni adabu pia.

Mimi sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda. Lakini nimekaa darasa moja la Kichina ambako tuliambiwa tuache Kiswahili mlangoni, tufikiri kwa Kiingereza. Kitabu chenyewe, kila ukurasa, maelezo ni Kiingereza. Maana yake ni nini? Kijana wa Ganze au Magarini anayetaka kuongoza watalii au kufanya kazi na mkandarasi Mchina lazima alipe ushuru wa lugha ya tatu kwanza. Asipokuwa na Kiingereza kizuri anaonekana hana akili ya Kichina. Huo ni mlango uliofungwa, na wenye ufunguo wanauita ugumu wa lugha.

Na tusiambiwe haiwezekani. Vijana wa ufuoni Malindi wanaongea Kiitaliano walichokiokota kwa Waitaliano wenyewe, bila kupitia London. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Wachina wakaziingia ngeli zetu hadi wakasoma habari hewani. Kila hotuba ya urafiki inamtaja twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415. Mambrui, mwaka 2010, wanaakiolojia walifukua sarafu ya enzi ya mfalme huyohuyo. Vizuri. Ila kumbukeni, mwaka 1415 hakuna aliyepitia Kiingereza.

Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa mwaka 2005, ya kwanza Afrika. Mwaka 2019 serikali ikatangaza Kichina kitaingia shule za msingi. Muda wote huo umetosha kuandika kitabu kimoja chenye Kichina upande huu na Kiswahili upande ule. Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapa Kilifi na kina watu wa Kiswahili. Waulizeni. Sura ya maneno ya kuhesabia iandikwe na mtu anayejua bei ya mtungo wa samaki.