Faida Yao, Taka Yetu



Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Tuliipongeza. Lakini vifungashio vya plastiki vya vyakula vya viwandani viliruhusiwa kuendelea, nayo mifuko myembamba ya kufungashia ikageuzwa kuwa ya kubebea. Upepo huipeleka malishoni, ng'ombe huimeza, na hasara humwangukia mfugaji wa Kansay, ambaye hakupata hata senti moja ya faida yake.

Tunaambiwa kwamba hakuna njia nyingine. Sivyo! Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba wanga wa muhogo au wa mahindi, ukipikwa kwa maji na gliserini, kisha ukakaushwa, hufanya utando mwembamba wa kufungia chakula. Ukitiwa mafuta ya karafuu, huzuia ukungu na bakteria. Ukitupwa, vijidudu vya udongoni huula. Ni kweli, unyevu huudhoofisha, na bei yake bado ni kubwa. Lakini plastiki yaonekana rahisi kwa sababu gharama ya taka zake hulipwa na maskini.

Hata hivyo, tuwe macho. Wanga huo usitolewe katika sahani ya mwenye njaa. Maganda na mabaki yatangulie. Wala mama muuza karanga asitozwe faini huku mwenye kiwanda akiachwa.

Yatupasa basi kudai, katika mikutano ya kijiji na mbele ya madiwani wetu, kwamba atengenezaye kifungashio awajibike mpaka mwisho wake. Amani haikai palipo na dhuluma, hata iwe nyepesi kama mfuko wa plastiki.