Vijana wengi wa Uluguru: Nguvu kazi au mzigo kwa uchumi?

SENSA ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2012, tulikuwa milioni 44.9. Katika mkoa wa Morogoro peke yake idadi ilipanda kutoka watu milioni 2.2 hadi karibu milioni 3.2 katika kipindi hicho hicho.

Kila takwimu za namna hii zinapotangazwa, mjadala huwa ni ule ule: je, tumekuwa wengi mno au bado tu wachache? Wapo wanaosema nchi ni kubwa na ardhi ipo tele. Wapo wanaosema tunazaana kuliko uwezo wetu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaliacha swali lenyewe. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, kinachoamua hali ya mfuko ni umri wa hao watu kuliko wingi wao: wangapi wanazalisha, na wangapi wanasubiri kulishwa.

Hesabu si ngumu. Kati ya kila Watanzania 100 waliohesabiwa mwaka 2022, karibu 43 walikuwa chini ya miaka 15, na wasiozidi wanne walikuwa na miaka 65 au zaidi. Waliobaki, kama 53 hivi, ndio wenye umri wa kufanya kazi. Maana yake ni kwamba kila watu 100 wenye umri wa kufanya kazi wanabeba wategemezi 87. Mwaka 2012 walikuwa wakibeba 92. Mzigo umepungua, lakini kwa kiasi kidogo.

Chukua mfano wa kaya mbili za Mgeta zenye bustani za kabichi na karoti zinazolingana. Moja ina watu wazima wawili na watoto wawili, nyingine ina watu wazima wawili na watoto sita. Mavuno ni sawa, bei ya Kariakoo ni ile ile, na lumbesa ni ile ile. Kaya ya kwanza ikishalipia madaftari, sare na dawa, hubakiwa na kitu cha kuweka kwenye VICOBA au kununulia mbuzi wa maziwa. Ya pili inakula mpaka fedha ya mbegu. Zidisha kaya hizo kwa mamilioni, ndipo utakapoona kwa nini nchi moja hupata akiba ya kujengea viwanda, na nyingine kila mwaka hujenga madarasa na bado hayatoshi.

Uchumi wetu ulikua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023. Kati ya sensa mbili zilizopita, watu waliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Ukitoa hiyo, kinachobaki kwa kila kichwa ni kama asilimia mbili tu. Mchuuzi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu anayeguna akisikia redioni kwamba uchumi unakua hajakosea sana.

Wenzetu wa Asia Mashariki walipita hapa. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alizaa wastani wa watoto sita. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wastani ulikuwa umeshuka chini ya wawili. Watoto waliozaliwa enzi ya sita wakawa vijana wakati nyuma yao hakuna tena msururu mrefu wa wadogo wa kulisha. Mwaka 1998 wachumi David Bloom na Jeffrey Williamson walikadiria kuwa mabadiliko hayo ya umri yanaweza kueleza hadi theluthi moja ya ukuaji wa kasi wa Asia Mashariki kati ya mwaka 1965 na 1990.

Hiyo ni theluthi moja tu. Wapo wanaoisoma habari hii kana kwamba vijana wakishakuwa wengi utajiri unafuata wenyewe. Vijana wa Korea walikuta kazi inawasubiri. Katika miaka ya 1970 na 1980 mji wa Busan ulikuwa moja ya vituo vikubwa vya kutengeneza viatu duniani, na wengi wa waliokaa kwenye cherehani zile walikuwa wasichana waliotoka vijijini.

Morogoro nayo ilijengewa kiwanda cha viatu. Wazee wa mjini wanakikumbuka. Kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, kwa lengo la kutoa mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Ngozi tulikuwa nazo, vijana tulikuwa nao, na mitambo ilikuwa mipya. Lakini kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulisimama. Kilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, tena katika joto la Morogoro! Busan na Morogoro zote zilikuwa na vijana katika miaka hiyo. Kilichozitofautisha ni mipango na usimamizi.

Tuangalie sasa milimani, kwa sababu huko ndiko hesabu hii inakouma. Kwa Waluguru ukoo huhesabiwa upande wa mama, na kwa mila ardhi ni ya ukoo. Utaratibu huo umempa mwanamke wa Uluguru sauti juu ya shamba ambayo wenzake wa mikoa mingi hawana. Hata hivyo, ukoo unakua na ardhi haikui. Mkoa mzima una wastani wa watu kama 45 kwa kilometa moja ya mraba, wakati wastani wa taifa ni kama 70. Mtu akiisoma namba hiyo akiwa ofisini Dodoma anaweza kudhani Morogoro ina nafasi tele. Wastani huo umechanganya mbuga za wanyama na bonde la Kilombero pamoja na miteremko ya Matombo, Kinole na Mgeta, ambako ukimaliza jembe la mwisho uko shambani kwa jirani.

Waingereza waliliona tatizo hilo mapema, wakalitibu vibaya. Mpango wao wa ardhi wa Uluguru wa miaka ya 1950 uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, udongo usio na rutuba ukaletwa juu, na mavuno hayakuonekana. Julai 1955 wananchi waligoma na kuandamana huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. La kufikirisha ni kwamba huko Mgeta matuta ya namna hiyo yapo hadi leo kwenye bustani za mboga, bila bwana shamba mwenye amri wala askari. Kabichi inalipa, basi.

Kijana anayefikia umri wa kujitegemea mlimani ana njia tatu. Anaweza kukatiwa kipande cha kipande cha mama yake. Anaweza kupanda juu na kufyeka msitu, lakini msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na ni haki, maana Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unaanzia humo. Au anaweza kushuka. Wengi wameshuka, na si jambo la jana: mtafiti Jan Kees van Donge aliandika mwaka 1992 juu ya wafanyabiashara Waluguru wa Dar es Salaam.

Anayeshuka ni mwenye nguvu. Wanaobaki ni bibi, wajukuu, na mama mwenye mtoto mgongoni. Kwa hiyo kitongoji kinaweza kuwa na mzigo mkubwa kuliko huo wa 87 kwa 100, na mwenye shamba anatafuta kibarua wa palizi hampati. Kule chini, kijana anayegombea abiria na bodaboda nyingine ishirini pale Msamvu ameshaingia kwenye orodha ya nguvu kazi. Kipato chake ni habari nyingine.

Je, mzigo huo utaendelea kupungua? Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke wa Tanzania, kutoka zaidi ya sita mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mjini ni 3.6, vijijini ni 5.5. Kenya, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na wastani wa karibu watoto wanane, ilifika 3.4 mwaka 2022.

Viongozi wetu hawajasema lugha moja juu ya jambo hili. Mwalimu Nyerere aliwahimiza wananchi wafikirie malezi kabla ya kuzaa tangu mwaka 1969, wakati mwaka 2018 Rais Magufuli alisema wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu. Sidhani kama hotuba hubadilisha sana mambo ya chumbani. Kinachobadilisha ni mtoto kupona na msichana kubaki darasani. Mwaka 2004/05 watoto 112 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano; mwaka 2022 walikuwa 43. Mzazi aliyezaa saba kwa hofu ya kubaki na wanne hana tena sababu hiyo. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, na Novemba 2021 wasichana waliojifungua wakaruhusiwa kurudi shule. Katika hayo yote, hili la wasichana ndilo ningeliangalia kwa karibu zaidi huko Matombo na Mgeta.

Mwenye duka naye ana lake la kutazama. Kijiji cha watoto hununua madaftari na ndala. Kijiji cha vijana wenye kipato hununua bati, saruji na simu. Kijiji cha vijana wasio na kipato hukopa.

Treni ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na safari ni chini ya saa mbili. Ni jambo jema, ingawa mkungu wa ndizi wa Kinole haupandi behewa la abiria. Bado unasubiri Fuso, na mvua zikinyesha Fuso nayo inasubiri barabara.

Mtoto aliyehesabiwa Kinole mwaka 2022 akiwa na miaka mitano atakuwa na miaka 15 ifikapo mwaka 2032, wakati wa sensa nyingine. Atakuwa amehamia upande wa pili wa hesabu. Huyo ameshazaliwa, hahusiki tena na sera ya uzazi. Kinachomhusu ni kama wakati huo mdalasini na pilipili manga za kwao zitakuwa zinasagwa na kufungashwa huko huko mlimani, au zitakuwa bado zinashuka kwenye magunia kwenda kumpa kazi kijana wa nchi nyingine.