Tasnifu za Jiolojia Zirudi Karagwe na Kyerwa

Vijana wanaohitimu shahada ya kwanza ya jiolojia huuliza mara kwa mara kama inafaa kuendelea na shahada ya uzamili. Wako wanaojibiwa kwamba shahada hiyo ni ngazi ya kupandia cheo, na wako wanaoambiwa kuwa ni kupoteza miaka miwili bure. Majibu yote mawili hupima elimu kwa mshahara. Nionavyo mimi, shahada ya uzamili ina kazi kubwa kuliko hiyo, na kazi yenyewe haijakamilika mpaka matokeo yake yawarudie wananchi ambao miamba yao imechunguzwa. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zinatupa mfano ulio wazi.

Jina la Karagwe linafahamika na wanajiolojia duniani kote. Miamba ya kale inayotanda kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania hadi Burundi, Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda huitwa Ukanda wa Karagwe-Ankole. Mwaka 2010 wataalamu wa Makumbusho ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walipendekeza ukanda huo uhesabiwe peke yake, mbali na Ukanda wa Kibara ulioko Kongo. Hivyo jina la dola ya kale ya Wanyambo, iliyosifika kwa kazi za chuma za Bweranyange, limo katika vitabu vya sayansi vya mataifa mengi.

Ndani ya miamba hiyo mna madini ya bati. Huko Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, bati limechimbwa tangu wakati wa utawala wa Waingereza, na leo wachimbaji wadogo wanaendelea kulitafuta. Mchimbaji hulitambua kwa uzito. Madini hayo ni mazito karibu mara saba kuliko maji ya ujazo ule ule, ilhali mawe meupe ya kwatzi ni mazito mara mbili na nusu tu na kidogo. Kwa hiyo mchanga unapooshwa ndani ya karai, kwatzi huchukuliwa na maji, na bati hubaki chini.

Ujuzi huo ni wa kweli, wala msomi asiudharau. Lakini una mpaka wake. Karai huonyesha kilichokwisha kuchimbuliwa. Haliwezi kuonyesha pa kuchimba kesho. Bati hukaa katika mishipa ya kwatzi na katika miamba ya pegmatiti yenye ulanga, ambayo asili yake ni itale lililopanda likiwa bado limeyeyuka kutoka chini ya ardhi. Sasa, katika ukanda huu matale hayakuzaliwa pamoja. Yako yenye umri wa takriban miaka milioni 1,375, na yako yenye umri wa takriban miaka milioni 986. Bati linahusishwa na haya ya pili. Kwa macho matupu mtu anaweza kuyachanganya. Kuyatofautisha kwahitaji ramani iliyochorwa kwa kutembea mlima hadi mlima, uchunguzi wa vipande vyembamba vya mawe kwa hadubini, na upimaji wa chembe za zirkoni, ambamo urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana.

Hiyo ndiyo kazi inayomfaa mwanafunzi wa uzamili. Mlima mmoja, mishipa yake, mwinamo wake na itale lililo jirani vinatosha kwa tasnifu moja nzuri. Faida yake kwa mchimbaji si ndogo. Anayejua mshipa unainama upande gani hachimbi shimo mahali ambapo hautafika. Anayejua mwamba umeoza hadi kina gani hujua pia mahali ambapo kuta za shimo zinaweza kumwangukia, hasa wakati wa masika. Hapa elimu ya miamba yahusu uhai wa mtu kabla ya kuhusu fedha zake.

Tatizo letu ni kwamba tasnifu hizo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, husomwa na watahini, kisha huwekwa maktabani. Mwanakijiji aliyemwonyesha mwanafunzi njia na kumchukulia mawe mgongoni haambiwi mawe yale yalisema nini. Huko Ufini, ambako watu hawatimii milioni sita, mwanafunzi wa jiolojia aweza kuandika tasnifu yake kwa Kifini, wala sayansi ya nchi ile haikudumaa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tasnifu ya uzamili ya jiolojia iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi hivi, pamoja na ramani inayosomeka. Pili, muhtasari huo upelekwe kwenye ofisi ya wilaya, shule za sekondari na vyama vya wachimbaji wa mahali palipochunguzwa. Tatu, mwanafunzi arudi kueleza matokeo hadharani kabla ya kutunukiwa shahada.

Wako watakaosema Kiswahili hakina msamiati wa kutosha. Hoja hii ni dhaifu. Itale, ulanga, risasi na mwinamo ni maneno yetu. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi hukua kwa kutumiwa, na watumiaji wa kwanza hapana budi wawe ni sisi tunaofundisha.

Basi kijana anayeuliza kama asome shahada ya uzamili, namjibu kwamba asome. Lakini tangu siku ya kwanza ajue kuwa watahini wake hawako chuoni tu. Wengine wako Kyerwa, karai mkononi, wakingoja kuambiwa mshipa umeelekea wapi.