Kabla ya Pesa ya Ploti, Lipa SHA ya Mama

Kila mwezi watu wa Garissa, Wajir na Mandera wanapokea pesa kutoka Riyadh, Doha, Dubai, Minneapolis na London. Pesa hizo zinalipa karo, zinanunua maji na chakula, zinajenga nyumba Iftin na Bulla Punda. Ni jambo la kujivunia. Lakini sisi tuna maoni yetu, na tutayasema wazi: wengi wakisafiri wanatanguliza pesa na kuacha makaratasi nyuma. Na makaratasi yenyewe ni ya mambo mawili tu, afya na ushuru. Yakilala, akiba ya mwaka mzima inaweza kuisha kwa usiku mmoja hospitalini.

Sisi ni watu wa malipo. Ukituma pesa, nasi tunapata kitu kidogo. Kwa hivyo huenda ukashangaa tukikuambia kwamba pesa ya kwanza kutoka ng'ambo isiende kwa fundi wala kwa dalali wa ploti. Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Qaaraan ni nzuri, lakini inachelewa

Huku kwetu mtu akiugua, ukoo unaitana na kila mmoja anatoa alichonacho. Siku hizi qaaraan inafanyika kwa simu. Group ya WhatsApp inafunguliwa, namba ya mweka hazina inatumwa, na kufikia asubuhi pesa zimeingia kutoka mabara matatu. Hatuipingi hata kidogo.

Shida ni kwamba qaaraan inaanza baada ya mgonjwa kulazwa. Tena ni ndugu wale wale wanaochangishwa kila mara, na mtu aliyeko nje ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Na mjane asiye na mtu Doha wala Dubai, qaaraan yake ni ndogo. Bima ya afya ni mchango pia, tofauti ni kwamba unatolewa kabla ya ugonjwa na unachangwa na nchi nzima.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kujisajili ni bure, unapiga *147# au unaenda kituo cha afya. Watu wengi wamejisajili. Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo yanawachanganya wateja wengi, na yote matatu yanamhusu mtu anayesafiri.

Kwanza, kusajiliwa si kulipa. Kwenye zahanati na kituo cha afya, ukishasajiliwa unatibiwa kwa fedha za serikali. Lakini ukipelekwa hospitali kubwa, kama ile ya rufaa hapa Garissa, wanaangalia kama mchango umelipwa. Aliyeajiriwa Kenya anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, kisha anapewa kiwango chake, na anatakiwa kulipa cha mwaka mzima. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Unalipa kwa simu kupitia namba ya malipo 200222, na kwenye akaunti unaweka namba ya kitambulisho cha anayelipiwa.

Pili, wazazi hawaingii chini yako. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. SHA yako inabeba mke au mume na watoto. Mama na baba ni nyumba nyingine, wanajisajili wenyewe na wanalipiwa wenyewe. Kijana anaweza kuwa amelipa yake bila kukosa, mama akafika hospitali akaambiwa hana kitu.

Tatu, namba ya simu. Ukimsajili mama kwa laini yako halafu ukahamia Dammam, ujumbe wowote wa kuthibitisha utakufuata Dammam. Saa nane usiku wewe umelala, na mama yuko dirishani anasubiri. Msajili kwa laini yake mwenyewe, iliyo kwa jina lake, na simu iwe mikononi mwake.

Tunajua kuna wazee wenye wasiwasi wa kidini. Kuna mpango wa kukopa ili ulipe mchango huo kidogo kidogo, na watu wa huku wanauliza kuhusu riba. Wana haki ya kuuliza, na ni vizuri kusoma masharti na kumuuliza sheikh unayemwamini. Lakini aliye na mtoto ng'ambo hahitaji mkopo huo. Mtoto analipa ya mwaka mara moja, mambo yameisha.

Ushuru hausafiri na wewe, unabaki hapa

Wengi wetu tulichukua PIN ya KRA tukiomba mkopo wa chuo, tukifungua akaunti ya benki au tukitafuta kazi. Baadaye mtu anapata viza, anaondoka, na PIN inabaki Kenya ikimngoja. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni mwenye PIN anatakiwa kujaza ritani ya mwaka uliopita, hata kama hakupata shilingi. Usipojaza, faini kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Miaka mitano nje bila kujaza ni angalau shilingi 10,000 kwa kosa la kunyamaza tu. Ukirudi utake cheti cha kuonyesha huna deni la ushuru, ndipo unaanza kukimbizana.

Wengine wanasema, "Si nitajaza nil tu." Pole pole hapo. Nil ni ya mtu ambaye kweli hana mapato ya kutozwa ushuru Kenya. Kama una nyumba za kupangisha mjini na wapangaji wanakutumia kodi kwa simu kila mwezi, hiyo si nil. Mkaazi wa Kenya anayepata kodi ya nyumba kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka analipa asilimia 7.5 kila mwezi. Asiye mkaazi kisheria anatozwa asilimia 30 ya kodi yote. Tofauti hiyo si ndogo, kwa hivyo ni muhimu ujue uko upande gani.

Na ukaazi si suala la moyo, ni hesabu. Kama una makazi ya kudumu Kenya na umekuja mwaka huo hata kwa siku chache za Idd, sheria inaweza kukuhesabu mkaazi. Kama huna makazi ya kudumu, wanahesabu siku: 183 au zaidi ndani ya mwaka, au wastani wa zaidi ya 122 ukijumlisha mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mwenye nyumba hapa na mshahara kule amuulize mtaalamu wa ushuru mara moja, kabla hajabonyeza chochote.

Mama naye asiogope. Pesa ya chakula anayotumiwa na mtoto wake si biashara.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: wengi walifunguliwa iTax na barua pepe na kijana wa saiba, na nywila anayo yeye. Kabla ya kusafiri, badilisha barua pepe iwe yako na nywila iwe yako. Ritani unaweza kujaza ukiwa popote duniani, bora tu uweze kuingia.

PIN mbili, usizichanganye

Hili linatuhusu moja kwa moja. PIN ya KRA ni herufi, tarakimu tisa, na herufi nyingine mwishoni. Hiyo unaweza kumpa mwajiri au benki. PIN ya kutumia pesa kwenye simu ni siri yako, haiombwi na KRA, haiombwi na SHA, haiombwi na sisi. Matapeli wanapenda sana mkanganyiko huu. Wanampigia mzazi simu na kusema, "Tupe PIN tukamilishe usajili wa SHA." Mzazi anataja ya simu, na pesa ya mwezi imeenda. Mweleze mama tofauti hii kwa lugha ya nyumbani, kabla hujapanda ndege.

Huko uendako nako kuna foleni

Nchi za Ghuba hazikati ushuru wa mshahara kwa mfanyakazi, na ndiyo maana wengi wanadhani hakuna makaratasi. Yapo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, tangu tarehe 1 Januari 2025 mwajiri katika kila falme anatakiwa kumlipia mfanyakazi bima ya afya. Saudia nako mfanyakazi wa kampuni analipiwa bima na mwajiri. Usikubali kuambiwa tu kwamba ipo. Uliza namba yake, ipige picha, umtumie mtu wa nyumbani.

Uingereza, ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima mwenye viza ya kazi, na inalipwa wakati wa kuomba viza. Ukifika, jisajili kwa daktari wa mtaa bila kungoja uugue. Marekani, ritani ya ushuru ni kufikia tarehe 15 Aprili, na walioko Minnesota wanatafuta bima kupitia MNsure. Pia kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa noti taslimu. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya huko, hutozwi. Kwa anayetuma dola 500 kila mwezi, hiyo ni dola 60 kwa mwaka.

Na asiye na kitambulisho?

Haya yote yanaanza na kitambulisho. Bila hicho huna laini kwa jina lako, huna PIN, huna SHA. Kaskazini Mashariki tunalijua hili kuliko mtu yeyote. Ukaguzi maalumu wa wanaoomba vitambulisho, uliotusumbua kwa miongo, ulitangazwa kufutwa Februari 2025 huko Wajir. Ni hatua kubwa. Lakini bado wako Wakenya ambao alama zao za vidole ziliingia kwenye orodha ya wakimbizi kule Dadaab enzi za ukame na njaa, na mpaka leo wanahangaika kujisafisha.

Kwa hawa, kusema "piga namba fulani kwenye simu" ni kama kumwelekeza mtu mlango uliofungwa. Maoni yetu ni kwamba huduma ya afya isimfungie nje mtu kwa sababu ya rekodi, na sisi wa malipo tukiwa miongoni mwa wanaofaidika na vitambulisho hivi, tuna wajibu wa kulisema.

Mpangilio tunaoupendekeza

Ukishapata tikiti, wiki ya mwisho fanya hivi: msajili mama na baba SHA kwa laini zao, ingia iTax kwa barua pepe yako mwenyewe, jaza ritani ya mwaka uliopita, na uwaeleze nyumbani kuhusu PIN mbili. Mshahara wa kwanza ukiingia, lipa mchango wa wazazi wa mwaka mzima, halafu wa mke na watoto.

Baada ya hapo, tuma ya ploti. Ploti itakungoja. Hospitali haingoji.