Kidudu cha Malale na Tanga Lake

Mkazi wa Ndhiwa hana haja ya kuelezwa mbung'o ni nini. Bonde la Lambwe li karibu naye, na vichaka vyake vilitisha wachungaji wengi. Bonde hilo lilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, ile iitwayo Ruma tangu 1983. Na humo malale yalizuka tena kwa nguvu kati ya 1980 na 1984.

Jambo la ajabu ni kwamba kidudu cha malale hakijifichi. Cha malaria huingia ndani ya chembe za damu. Hiki huogelea wazi katikati ya askari wa mwili, nao ni vitu vidogo mno vimgandamavyo adui ili auawe. Ilijulikana zamani kwamba kidudu hubadili vazi lake askari wasikitambue. Lakini kubadili vazi huchukua muda. Je, wale waliokwisha kukigandama?

Jibu lilitolewa Ujerumani mwaka 2007, na miongoni mwa walioligundua alikuwamo mtu ambaye kazi yake si uganga bali ni kupima nguvu na mwendo wa vitu: mwanafizikia Thomas Pfohl, pamoja na mwanabiolojia Markus Engstler na wenzao.

Mvuvi wa Homa Bay ajua kwamba mashua iendapo mbele, maji hupita ubavuni kuelekea tezi, na jani lililogusa ubao huvutwa nyuma. Ndivyo ilivyo kwa kidudu. Vazi lake halikukazwa. Huteleza juu ya mwili kama mafuta juu ya maji. Askari aliyeligandama hutokeza nje kama tanga dogo, na kidudu kiogeleapo, maji humsukuma askari huyo hadi nyuma, penye mfuko mdogo, akamezwa humo. Dakika chache tu, kimekwisha kujisafisha! Wataalamu walipokizuia kuogelea, askari hawakusukumwa nyuma tena.

Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Mgonjwa wa mwisho aliye mwenyeji wa nchi alionekana mwaka 2009. Ushindi huo ni wa mitego, dawa na upimaji wa damu, wala si wa ugunduzi huu. Nagana ya ng'ombe haikuhesabiwa katika tangazo hilo, na mwenye mifugo karibu na Ruma aonapo ng'ombe akikonda na manyoya yamesimama, ni heri amwite bwana mifugo mapema.