Nani alikula kumbukumbu ya kompyuta?

Hasira hasara. Jumamosi moja asubuhi jirani yangu hapa Mbotela alinibishia mlango, leso begani, uso umemkunjamana.

"Dada, nisindikize mjini. Yule mwenye duka ameniibia!"

Alikuwa amemnunulia kifungua mimba wake, mwanafunzi wa chuo, kompyuta iliyokwisha kutumika. Aliambiwa ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kijana alipoiwasha, ikaonyesha kwamba zinazotumika ni 3.25 tu. Pesa zenyewe zilikuwa za chama, na bado hajamaliza kuzilipa.

"Mama, keti kwanza," nikamwambia. "Huenda hakuna mwizi."

Kompyuta hiyo ilikuwa na Windows ya biti 32. Mfumo huo una anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4 kamili, wala haziongezeki. Anwani ni kama nambari za nyumba mtaani, na si zote zinazopewa kumbukumbu. Kadi ya picha, kadi ya mtandao na vifaa vinginevyo hugawiwa zao humo humo. Sehemu ya kumbukumbu ikikosa nambari, ipo ndani ya mashine lakini hakuna awezaye kuipigia hodi.

Kwa nini vifaa vipewe anwani? Fikiria mtaa wetu. Barua ukiipeleka nyumbani, hukaa mezani. Ukiipeleka ofisini kwa karani, mtu huinuka akafanya kazi. Vivyo hivyo, tarakimu ikiandikwa kwenye anwani ya kumbukumbu hutulia pale pale. Ikiandikwa kwenye anwani ya kadi ya mtandao, yaweza kuwa amri: tuma ujumbe sasa.

Mshika funguo ni kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kompyuta inapowaka, kila kifaa huulizwa kinahitaji nafasi kiasi gani. Baadaye draiva, programu inayokiongoza kifaa hicho, huiomba kerneli iifungulie mlango. Programu za kawaida hazifiki hapo mpaka kerneli iruhusu. Tena kerneli huionya prosesa isisome wala kuandika rejista za kifaa kupitia nakala za akiba. Ukitazama nakala ya zamani hutajua hali ya kifaa sasa, na amri iliyobaki mfukoni haitendi kazi.

Ugomvi huu wa nafasi si wa leo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na anwani 1,048,576. Kilobaiti 640 ziliachiwa programu, na 384 zikatengewa skrini na vifaa vingine.

Dawa ni mfumo wa biti 64, mradi mashine yenyewe iukubali. Huo una anwani nyingi mno, hivyo kumbukumbu iliyokosa nambari huhamishiwa juu ya gigabaiti 4. Kijana aliuweka jioni hiyo, na karibu gigabaiti zote 4 zikaonekana. Mama akacheka, akaapa hatamwita mtu mwizi kabla ya kuuliza.

Hata hivyo, walaghai wapo. Ukiambiwa 4 na mashine ikakiri imewekewa 2 tu, chukua risiti urudi dukani. Nanyi wanafunzi wenye Linux, fungueni faili ya /proc/iomem kwa mamlaka ya msimamizi. Mtaona nani amepewa anwani zipi.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.