*KODI YA DEREVA WA ZAMBIA NA KONGO INALIPWA WAPI?*



Swali limezunguka humu wiki nzima, hasa kwa madereva na mautingo wetu: "Mwezi mzima nashinda foleni ya Nakonde au Kasumbalesa, kwa nini nikatwe kodi ya Tanzania?"

Sheria haiangalii gurudumu limezungukia wapi. Mwenye makazi yake ya kudumu hapa, akiwepo nchini hata sehemu ya mwaka, ni mkaazi, na kipato chake kinahesabiwa hapa hata kikipatikana nje. Na tusijidanganye kwamba TRA hawatujui. Leseni ya udereva hupati bila TIN.

Kodi yenyewe si ya kutisha. Kwa viwango vya Julai 2021, mshahara wa hadi 270,000 kwa mwezi haukatwi. Wa 400,000, ukishatoa 40,000 ya NSSF, kodi ni asilimia 8 ya 90,000 iliyozidi, yaani 7,200. Kukata na kuipeleka TRA ni kazi ya mwajiri, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.

Kinachotuumiza ni huu mchezo wa posho. Pesa ya kula na kulala njiani ni halali na si mshahara. Lakini tajiri anaandika mshahara 200,000, nyingine yote anaiita "posho ya safari", na sisi tunashangilia kwamba hatukatwi! Siku gari likianguka Kitonga, fidia ya WCF inapigiwa hesabu kwenye ile 200,000. Pensheni ya NSSF vilevile. Tajiri ndiye aliyepona, maana naye michango yake imepungua.

Wengine wana balaa zaidi. Mwenzetu mmoja hapa Magomeni alikatwa "kodi na NSSF" kwa mdomo tu, bila karatasi. Alipokwenda kuangalia michango, hakukuta hata mwezi mmoja.

Msimamo wa tawi: tusidai kusamehewa kodi. Tudai mkataba wa maandishi, mshahara wa kweli ndani yake, na hati ya mshahara kila mwezi. Mautingo nao wadai, ni waajiriwa kama dereva.

Mwenye mkataba aje nao ofisi ya tawi Jumamosi saa 4 asubuhi, tuusome pamoja. Asiye nao aje pia. Mlioko safarini, wake zenu na ndugu zenu wanaweza kuwaletea.

_Katibu Mwenezi, Tawi la Magomeni, Kilosa_